Mshipa Uliozibwa kwa Joto

Kidonda changu kilianza juu kidogo ya kifundo cha mguu wa kushoto, upande wa ndani, mahali ambapo ngozi ilikuwa imegeuka rangi muda mrefu bila mimi kujali. Nilikuwa nasahihisha madaftari nyumbani, nikajikuna, nikahisi unyevu kidoleni. Hakukuwa na maumivu ya kutisha. Nilipaka mafuta ya mgando, nikafunga kitambaa, na kesho yake nikaenda kazini kama kawaida.

Nilikuwa nafundisha darasa la nne katika shule moja ya msingi hapa Tabora mjini. Watoto walikuwa wengi kiasi kwamba meza ya mwalimu ilitolewa nje ili madawati mengine yapate nafasi, na kiti nacho kikafuata meza. Nilisimama tangu kengele ya asubuhi hadi ya mwisho. Sikuliona hilo kuwa jambo la kusimulia. Walimu husimama.

Tangu siku ile mguu haukukaa wazi tena kwa miaka. Kitambaa kiliondoka zikaja bandeji, bandeji zikaisha nikarudi kwenye vitambaa vya kanga kuukuu nilivyovichemsha na kuvianika nyuma ya nyumba. Kidonda kikikauka pembeni, katikati kilichimbika. Kilitoa maji, na maji yale yalikuwa na harufu ambayo mimi niliizoea, lakini niliona watoto wa dawati la mbele wanavyogeuza nyuso nilipokaribia. Nilimeza vidonge vya kila aina. Nilipimwa sukari mara nyingi, haikuonekana. Mume wangu alileta asali ya porini, maana Tabora hakuna uhaba wa asali, akanipaka kwa kijiko. Ilituliza maumivu kwa muda, kisha mambo yakarudi yalivyokuwa.

Mume wangu ni dereva wa malori. Msimu wa tumbaku hubeba mizigo kutoka vijijini kuleta kwenye maghala ya mjini, hivyo kuna wiki nyingi haonekani. Lakini alipokuwa nyumbani, yeye ndiye aliyeniosha kidonda. Kila asubuhi aliweka beseni uani, akamimina maji ya uvuguvugu yenye chumvi, akakunja suruali ili isilowe, akaanza kazi. Alikuwa na mikono mizito ya usukani, ila alipofika kwenye kidonda mikono ile iliweza kuwa mepesi.

Nyumba yetu ya kupanga iko Ipuli. Mama yangu mzazi anaishi Choma, wilaya ya Igunga, kwenye mpunga na ng'ombe wachache. Mwaka wa pili wa kidonda alikuja kunitazama. Alinisalimu kwa kilugha, mwangaluka, akaketi, akaniambia nifungue bandeji. Nilifungua. Alitazama kidogo tu, akasema, "Umekanyaga."

Kwetu mguu ukitoka kidonda kisichopona, watu hawaulizi mengi. Husema amekanyaga. Hawatamki amekanyaga nini, kwa kuwa kila mtu anaelewa kwamba kuna kitu hutegwa njiani kwa ajili ya mtu mmoja, na wengine wote wakipita juu yake hakiwafanyi chochote. Kinachobaki ni kumtafuta aliyetega. Mama hakuwa na haja ya kutafuta mbali.

Baba mkwe alipofariki aliacha shamba na nyumba ya zamani huko Itetemia, pembezoni mwa mji. Wifi yangu, dada wa mume wangu, alikuwa ameachika, akarudi kuishi katika nyumba ile na kulima nyanya na karanga. Mimi na mume wangu tulichoka kupanga, tukafikiria kujenga kwenye kona ya shamba. Ndugu wakakaa kulizungumza. Kikao kilikuwa kirefu na cha joto, na mwisho wifi alisimama akaninyooshea kidole mimi, si kaka yake, akasema, "Hapa wewe hutakanyaga."

Alisema kama mtu yeyote mwenye hasira anavyoweza kusema kuhusu ardhi. Kila aliyekuwepo alilielewa hivyo siku ile. Lakini kidonda kilipotokea miezi michache baadaye, neno lile likapata maana nyingine, na mama alipolisikia kutoka kwa jamaa mmoja hakuliacha tena. Alilisema kwa majirani zangu wa Ipuli. Alilisema kanisani nilipomchukua Jumapili. Mimi nilimwomba anyamaze, naye alinitazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mgonjwa asiyejua anachokisema.

Aliporudi Choma alinitumia unga wa dawa kutoka kwa mganga wa huko. Niliupaka. Sikuuamini wala sikuukataa; nilikuwa nimechoka, na mtu aliyechoka hupaka kile anachopewa. Kidonda kiliwaka kwa wiki nzima, kikapanuka.

Mume wangu hakuwahi kuniambia kama anaamini au haamini. Sikumuuliza. Alipokuwa akiniosha macho yake yalikuwa kwenye kidonda tu. Nilichokiona ni kwamba aliacha kwenda Itetemia, na simu za dada yake akawa anazipokelea nje. Hivyo ndivyo tulivyoishi. Mguu uliuma jioni, ukavimba kama mkate uliotiwa hamira nyingi, usiku ukapungua, asubuhi tukaanza tena.

Kisha akaja daktari mmoja kijana, aliyehamishiwa hapa kutoka mikoa ya mbali. Nilikwenda kwake kuomba dawa za maumivu. Wengine wote kabla yake walikuwa wamekitazama kidonda, nami ndicho nilichokuwa nikiwaonyesha. Yeye aliniambia nivue viatu vyote viwili, nisimame juu ya kijukwaa karibu na dirisha na kupandisha sketi juu ya magoti. Nilisita. Alimwita muuguzi mwanamke aje asimame nami, kisha akachuchumaa na kuitazama miguu tangu nyuma ya mapaja hadi visiginoni. Alibonyeza hapa na pale. Mwisho akaniambia, "Mwalimu, kidonda hiki ni moshi tu. Panapoungua ni huku juu." Akagusa upande wa ndani wa paja.

Alinieleza kwamba damu hushuka miguuni kwa urahisi lakini kupanda kwake ni kazi, na kwamba ndani ya mishipa inayoirudisha kwenye moyo kuna vilango vidogo vinavyoizuia isiporomoke. Vilango vikilegea, damu hurudi chini na kutuama. Ngozi ya karibu na kifundo hukaa katika shinikizo mchana kutwa, hunyauka, hupasuka, na haiponi kwa sababu shinikizo halijaondoka. Alisema zamani mshipa kama ule ulichanwa na kuvutwa kutoka kwenye paja zima. Siku hizi Dar es Salaam kuna wataalamu wanaoingiza mpira mwembamba ndani ya mshipa wenyewe, ncha yake ikapashwa moto, mshipa ukasinyaa na kuziba, na damu ikatafuta njia nyingine iliyo nzima.

Nilimuuliza kama mtu hutoka hospitali siku hiyohiyo kwa miguu yake. Akasema ndiyo. Nilitoka pale bila furaha yoyote. Nilikuwa nimeshaambiwa mambo mengi ya kupona.

Rufaa ilipatikana, bima ikakubali, tarehe ikapangwa, nayo ikaangukia katikati ya msimu wa tumbaku. Mume wangu alikuwa Urambo, lori limeharibika na mzigo juu. Binti yetu wa pekee alikuwa kwenye mitihani ya chuo. Nilijiandaa kwenda peke yangu. Jumamosi kabla ya safari, alasiri, nilisikia hodi, nikafungua, nikamkuta wifi.

Hakuwa amefika kwangu tangu kikao kile. Alikuwa amekonda. Nilimkaribisha, akakataa kuketi.

"Nimesikia unakwenda Dar kwa ajili ya mguu," alisema. "Nitakwenda na wewe."

Nilimwambia asante, lakini sikuelewa kwa nini ajisumbue.

"Nataka kumsikia daktari akisema ni nini. Nisikie kwa masikio yangu."

Ningeweza kumkatalia, na wengi wangesema nilipaswa kumkatalia. Lakini mkoba wangu ulikuwa mzito na mguu ulikuwa unapwita. Nikamwambia basi linaondoka alfajiri ya Jumatatu.

Tulikaa viti vya jirani. Yeye alichukua mkoba wake, akauweka chini mbele yangu, akaniambia niegeshe mguu juu yake. Ndani alikuwa na michembe ya viazi vitamu vilivyokaushwa na karanga za kukaanga. Nilizisikia zikivunjika kila basi liliporuka. Tulipita Itigi, tukapita Manyoni, tukaingia nchi kavu ya Ugogo. Barabara ile haiko mbali na njia waliyopita wapagazi wa zamani. Nimeifundisha miaka mingi, nikichora ubaoni mstari kutoka Bagamoyo hadi kwetu Unyanyembe, halafu mwingine kwenda Ujiji, na watoto hupenda kuuliza walibeba nini na walikula nini. Hakuna aliyewahi kuniuliza juu ya miguu yao. Mimi pia sikuwahi kuifikiria mpaka siku ile, nilipokuwa nimeketi tu na bado nimechoka namna ile.

Tulipokwisha kuipita Manyoni wifi alianza kuongea, akitazama nje. Hakulalamika. Aliniambia kwamba kanisani, katika kwaya, akina mama wa sauti ya pili walikuwa wakisogea kidogo kila alipokuja kusimama, mpaka pakawa na nafasi ya mtu mmoja kila upande wake. Hakuna aliyemwambia aondoke. Aliondoka mwenyewe. Nyanya zake nazo zilikaa. Waliokuwa wakija shambani kununua waliacha kuja, kwa sababu kufika kwake lazima upite kijia cha shambani, na kila mtu aliogopa kijia kile. Alisema jambo hilo la mwisho kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeeleza hali ya hewa. Niliangalia mguu wangu juu ya mkoba wake. Nilimwambia pole. Akaitikia.

Kutoka Dodoma tulipanda treni ya umeme. Ilikwenda kasi na kimya, na wifi alilala njia nzima mdomo wazi kidogo, kama mtu aliyetua mzigo. Dar tulipata chumba katika nyumba ya wageni jirani na hospitali, kitanda kimoja kikubwa, feni iliyokuwa ikizungusha joto lilelile. Asubuhi nilianza kufungua bandeji nijisafishe kabla ya kwenda. Wifi akachukua beseni kutoka mkononi mwangu.

Alikuwa hajawahi kukiona. Watu wote wa Ipuli na Itetemia walijua kidonda kile ni kazi yake, na yeye alikuwa hajakiona. Alichuchumaa, akaondoa kitambaa cha mwisho, akakitazama kwa muda mrefu.

"Kumbe ndicho hiki," alisema.

Kisha akaniosha. Aliosha vizuri kuliko kaka yake.

Daktari wa mishipa alikuwa mama wa makamo, mwenye miwani iliyoning'inia kifuani. Alinisimamisha, akanipaka paja kitu baridi kama ute, akapitisha kifaa cha altrasaundi taratibu kutoka kwenye nyonga kushuka chini. Kwenye kioo niliona vivuli vya kijivu. Alikuwa akiminya misuli ya nyuma ya mguu, na kila alipoachia, mashine ilitoa sauti ndefu ya kitu kinachomwagika. Aliturudishia sauti ile. Alisema ni damu yangu inaporomoka. Ingekuwa mshipa mzima, baada ya kuachia pangekuwa kimya.

Wifi alikuwa amesimama kwenye kona, mkoba kifuani. Akasema, "Daktari, nina swali. Jambo hili mtu anaweza kumfanyia mwenzake?"

Daktari alidhani anaulizia kuambukiza, akasema hapana, haiambukizi.

"Siulizi kuambukiza. Nauliza kumtega. Mtu ategewe njiani, akanyage."

Yule mama aliweka kifaa chini. Alimtazama wifi, akanitazama mimi, na nadhani alielewa zaidi ya tulivyosema. Hakucheka. Alimwita asogee, akakirudisha kifaa pajani mwangu na kumwonyesha kwenye kioo vilango viwili vyembamba vilivyokuwa vikipepea bila kukutana.

"Hivi vimelegea kidogo kidogo, miaka mingi kabla ya kidonda kutokea," alisema. "Huku ndani, mama, hakuna mtu anayefika."

Kisha akanigeukia na kuanza maswali yake. Kazi gani, nimezaa mara ngapi, nimewahi kuvunjika. Aliuliza kama kuna mtu katika familia yangu mwenye mishipa iliyotuna miguuni, maana mara nyingi udhaifu huu mtu huzaliwa nao.

Nilikuwa karibu kusema hapana. Halafu nikaona majaruba ya mpunga Choma, maji ya magoti, na mama amebana kanga kiunoni akipandikiza miche, ametupa mgongo. Nyuma ya miguu yake palikuwa na kamba nene za kijani zilizojisokota kutoka kwenye magoti hadi chini. Sisi watoto tuliziita mizizi ya mama. Tulikuwa tukizigusa akiwa amelala, zinabonyea, zinarudi.

"Mama yangu," nilisema. "Miguu yote miwili."

Daktari aliandika, akaendelea. Wifi hakunitazama. Aliurekebisha mkoba wake, akashukuru, na tulipotoka nje akaketi kwenye benchi la kwanza aliloliona.

"Mama yako," alisema.

"Ndiyo."

Alitikisa kichwa polepole. Aliomba maji ya kunywa tu, nikaenda kumnunulia.

Kazi yenyewe ilifanyika siku iliyofuata. Nililazwa chali, macho wazi. Walinisafisha mguu mzima kwa dawa ya kahawia yenye baridi, wakanifunika shuka za kijani. Daktari alichoma sindano karibu na goti akifuata kioo, na kupitia hapo akapitisha ule mpira, mwembamba mithili ya waya wa redio, ukapanda ndani ya mshipa mpaka karibu na nyonga. Sikuusikia ukipanda. Kilichoniuma ni ganzi. Waliichanganya na maji mengi baridi, wakaichoma kuuzunguka mshipa, sindano baada ya sindano, kutoka kwenye goti hadi juu, paja likajaa na kuwa gumu. Daktari alinieleza kwamba maji yale hufanya kazi mbili: yanaondoa maumivu, na yanaizuia nyama ya pembeni isiungue joto litakapowashwa. Nilimwambia sawa. Nilikuwa nimeuma upindo wa shuka.

Kisha akasema tunaanza. Mashine ililia mlio mfupi, kukawa kimya, ikalia tena. Kila ilipolia alivuta mpira chini kidogo, akabonyeza paja langu kwa kiganja, akangoja. Nilikuwa nimetarajia moto na harufu ya kuungua. Sikusikia vyote viwili. Nilihisi mvuto ndani kabisa, kama uzi unaovutwa kwenye pindo la nguo. Muuguzi alikuwa akimweleza mwenzake kuhusu mechi ya jana. Taa ilikuwa kali. Nilifumba macho, na nadhani kulikuwa na dakika kadhaa nilizosinzia, kwa sababu niliposhtuka daktari alikuwa ameshafika karibu na goti na ananiuliza kama nipo.

Walinivisha soksi ndefu ya kubana, nyeupe, kutoka vidoleni hadi juu ya paja, wakaniambia nishuke na kutembea. Wifi alikuwa mlangoni. Tulitembea korido ile kwenda na kurudi, bila yeye kunishika, ila mkono wake ukiwa karibu. Mwisho wa korido kulikuwa na dirisha linalotazama maegesho ya magari. Aliniuliza kama nasikia tofauti. Nikamwambia nasikia njaa.

Tulirudi Tabora baada ya daktari kuukagua mguu tena na kuridhika. Ningependa kusema kwamba kila kitu kilibadilika, lakini kidonda kilichukua miezi kufunga. Kwanza kilipungua maji. Harufu ikaisha. Halafu pembeni pakaanza kuota ngozi mpya, nyembamba kama ganda la kitunguu, ikisogea kuelekea katikati kwa uvivu wa ajabu. Paja lilikuwa na michubuko ya rangi zote, na ndani yake kamba ngumu iliyonikaza nikinyoosha mguu. Soksi ile katika joto la Oktoba la Tabora ilikuwa mateso ya peke yake. Nililia siku moja kwa sababu ya soksi, mimi ambaye sikuwahi kulia kwa sababu ya kidonda.

Asubuhi moja mume wangu, akiwa ametoka safari, aliweka beseni uani kama kawaida. Nilitoka nikamwonyesha mguu. Palikuwa pamefunga. Palibaki doa jeusi na kibonde kidogo. Alikaa pale kwenye kigoda, suruali ameshaikunja, maji yanapoa. Hatukujua la kufanya na asubuhi ile. Mwisho akasema, "Mimi nilikuwa sijui niamini nini." Nilimwambia najua. Alimwaga maji kwenye migomba, akavaa viatu, akaenda Itetemia kwa dada yake. Walichozungumza hawakuniambia.

Likizo ya Desemba nilikwenda Choma. Nilikuwa nimeyapanga maneno tangu Nzega, na nilipofika yote yakapotea. Nilimkuta mama anapepeta choroko. Nilimwamkia, akaitikia, akafurahi kuuona mguu, akaupapasa, akasema dawa yake ilichelewa lakini imefanya kazi. Nikamwambia naomba anionyeshe miguu yake. Alishangaa. Nikaipandisha kanga mwenyewe. Mizizi ile ilikuwepo, imezidi unene, na chini karibu na vifundo ngozi imeanza kuwa nyeusi kama yangu ilivyokuwa.

Nilimweleza yote. Vilango, damu, kioo, maneno ya daktari kwamba mtu huzaliwa nao. Nilimwambia kwamba wifi hakutega kitu. Nilitumia Kiswahili, kisha nikarudia kwa kilugha ili asiseme hakuelewa.

Alifikiri. Mama yangu si mjinga. Akasema, "Kama ni miguu yangu umerithi, mbona mimi sina kidonda?"

Nilimwambia daktari alisema si kila mwenye mishipa hii hupata kidonda. Mimi nilisimama ubaoni miaka yote ile, yeye alikuwa akitembea, akiinama, akiketi, na kutembea kunasukuma damu.

"Na nani aliyekuchagulia wewe upate?"

Swali hilo hata daktari asingelijibu. Nilichoka ghafla, uchovu wa miaka ile yote ukanikalia mabegani. Nilichukua ungo mwingine, tukapepeta choroko pamoja hadi zikaisha. Nilipokuwa naaga siku ya pili, alinisindikiza hadi barabarani akitembea kwa shida kidogo, na kabla ya gari kuja akasema, bila kunitazama, "Yule wifi yako mwambie nimesikia."

Niliupeleka ujumbe ule Itetemia kama ulivyo. Wifi alikuwa shambani anachuma nyanya, ndoo mbili zimeshajaa. Siku hizi huzipeleka kwenye soko la upande wa pili wa mji, ambako anajulikana kwa nyanya zake tu. Kwenye kwaya hakurudi. Alisema sauti imeshakauka, lakini nilimsikia akiimba nilipokuwa nakaribia.

"Amesikia nini?" aliuliza.

"Hakusema."

Aliendelea kuchuma. Aligeuza jani, akatazama chini yake kama kuna wadudu, akalirudisha taratibu.

"Wifi, nimechoka kumkasirikia mama yako," alisema. "Lakini kumsamehe nako kunataka nguvu, na nguvu hiyo sina kwa sasa. Mwambie salamu zimefika."

Nilimwambia nitamwambia hivyo. Aliniuliza mguu wa kulia unaendeleaje, maana daktari alisema nao utakuja kuhitaji mpira uleule. Nilimwambia umeanza kuvimba jioni. Alisema tukisubiri mpaka karanga zitoke ardhini ataweza kunisindikiza, kabla ya hapo hawezi. Nikamwambia hakuna haraka.

Kulikuwa na kigoda kwenye kivuli cha ukuta, akanionyesha nikakae. Sikukaa. Nilichukua ndoo tupu, nikaingia kwenye tuta linalofuata, nikaanza kuchuma upande mmoja naye akichuma upande wa pili. Nyanya zilikuwa bado na joto la jua. Tulimaliza tuta lile, tukaanza jingine.